Binti wa Uvira Aliyechukua Nafasi Yangu

Mwaka wangu wa kwanza na wa pili chuoni, kila shambulio la timu yetu lilianzia mikononi mwangu. Nilikuwa pointi gadi. Kwa asiyefuatilia mpira wa kikapu, huyo ndiye anayepokea mpira nyuma, anaupandisha kwa kuudunda, anatazama wenzake wamekaaje, kisha anaamua nani apewe. Mara nyingi ndiye mfupi kuliko wote uwanjani na ndiye mwenye kelele kuliko wote. Mimi nilikuwa mfupi, kelele ninazo, na niliamini kabisa kwamba kazi ile iliumbwa kwa ajili yangu.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, upande wa Maryland, karibu na barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington. Hakuna televisheni iliyotujali. Siku ya mechi walikuja wazazi, wapenzi wa wachezaji, na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa akila bisi na kumtukana mwamuzi. Lakini chuo ndicho kilichonilipia masomo kwa sababu ya mpira, na nikipita kwenye korido mtu akaniambia "jana ulicheza," nilitembea siku nzima kama nimevaa kiatu kipya.

Mama yangu alikuwa hajawahi kuniona nikicheza. Tulikuwa tukiishi Alexandria, ng'ambo ya mto, jimbo la Virginia, kwenye fleti za upande wa magharibi, ghorofa lenye Waethiopia, Wasalvador na familia moja ya Kipakistani ambayo pilipili yao ilitukohoza hadi kwenye lifti. Mama alikuwa msimamizi wa wasafisha vyumba katika hoteli moja karibu na mto. Tulitoka Morogoro nikiwa na miaka kumi. Baba alibaki huko, walikwishaachana. Wikendi ndiyo hoteli inajaa, na wikendi ndiyo mechi zetu, kwa hiyo hakuja, nami sikumsumbua aje. Mara moja nilijaribu kumweleza kazi yangu uwanjani. Akanisikiliza huku akikunja mashuka yetu.

"Kwa hiyo wewe hufungi? Unawapa wenzako tu wafunge?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mama."

"Kuhudumia watu," akasema. "Hiyo hata mimi ninayo." Akacheka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka wa tatu, Oktoba, tulipoanza mazoezi ya msimu, akaja msichana mpya wa mwaka wa kwanza. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu kwa mtu wa kimo chake, nywele amezisuka twende kilioni, na anaandikia mkono wa kushoto. Alikuja moja kwa moja kwangu. Nadhani mtu alimwambia mimi natoka wapi.

"Yaya," akasema, "chumba ya kubadilishia nguo iko wapi?"

Mimi kwetu yaya ni mwanamke anayelea watoto wa watu. Nikamtazama juu mpaka chini.

"Umeniitaje?"

"Yaya." Akaona uso wangu, akashtuka. "Kwetu yaya ni dada mukubwa. Ni heshima!"

Wenzetu wakasikia neno, wakalipenda, na kabla wiki haijaisha timu nzima ikawa inaniita Yaya. Msaidizi wa kocha naye. Nilijaribu kuwaeleza kwamba nyumbani ni jina la kazi ya ndani, ikawa ndiyo nimewachekesha zaidi. Hivyo ndivyo tulivyoanza, mimi na yule binti wa Uvira.

Alizaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya ziwa ukitazamana na Bujumbura. Vita vilipozidi, mama yake alimtanguliza kwa mjomba wake, na huyo mjomba akaja naye Amerika kama wakimbizi. Walikaa Wheaton, hukohuko Maryland. Mama yake alibaki nyuma na wadogo zake. Haya niliyajua kidogo kidogo, kwa sababu wakati ule sikutaka kuyajua. Nilichotaka kujua ni kwa nini kila tukigawanywa timu mbili za mazoezi, timu yake inashinda.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nami nilikuwa nimefunga. Nilijiambia ni kiu. Nilijiambia Ramadhani ikiisha ataniona. Lakini nilikuwa na macho. Mimi nikishika mpira nilikuwa naona aliye wazi, nampa. Yeye alikuwa anampa mtu ambaye bado hajawa wazi, na mpira ukifika, mtu yuko wazi. Sijui alikuwa anajuaje. Nilirudia kutazama kanda za mazoezi yetu peke yangu, nikitafuta hila yake, kama mtu anayetafuta tundu kwenye chandarua. Sikuiona.

Kocha wetu alikuwa mama mrefu wa Carolina Kusini, mwenye sauti ya upole hata akikupa habari mbaya. Aliniita ofisini mwake Idi ilipopita, akaniuliza kama nilikula vizuri. Kisha akasema ananihamishia pembeni.

"Unapiga vizuri kuliko unavyojiamini," alisema. "Nataka ukae pembeni, tayari kupiga kikapuni. Yeye atakuletea mpira."

"Ni kwa sababu nilikuwa nimefunga?"

"Hapana. Nilianza kulifikiria kabla mwezi wenu haujaanza."

Ningefurahi kama angesema ndiyo. Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda kukaa kwenye basi la kurudi Alexandria nikiwa na koti mapajani, sikulivaa hata basi lilipokuwa na baridi. Nilimwonea wivu kila kitu chake. Mkono wake wa kushoto. Ile njia yake ya kuinua vidole viwili kuita mpango fulani wa mchezo, vidole vyembamba, kama mtu anayeagiza chai mbili. Hata makosa yake niliyaonea wivu, kwa sababu akikosea kocha alikuwa anatabasamu.

Lakini hiyo yote ilikuwa uwanjani, na uwanjani mtu unaweza kutoka. Kosa lilitokea pale alipokuja nyumbani.

Nilimkaribisha mimi mwenyewe, tena ndani ya mwezi ule wa Ramadhani, kabla sijajua nitanyang'anywa nafasi. Ilikuwa Jumapili, mabweni hayana chakula cha maana, na kocha alitusihi tuwe na umoja. Mama alikuwa amepika futari: tambi za sukari, mihogo ya nazi, kalimati, uji wa pilipili manga. Binti alikula kwanza kwa adabu, kisha kwa njaa.

"Mama, hii chakula iko muzuri sana."

Mama akaweka kijiko chini. "Umesikia?" akaniambia. "Huyu anaongea Kiswahili."

"Hata mimi naongea Kiswahili, mama."

"Wewe unajibu. Huyu anaongea."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma. Mimi na mama tulikuwa na Kiswahili cha umechoka, umekula, funga dirisha. Mengine nilikuwa nayamwaga kwa Kiingereza kwenye simu, kwa wenzangu, mlango umefungwa. Yule binti aliingia jikoni na mama wakaosha vyombo, nikawa nawasikia kutoka sebuleni. Wanabishana. Mama anasema ni "mihogo," binti anasema "mihoko," tena anasema ya Tanzania haijakomaa. Mama anacheka kicheko ambacho sikukisikia tangu Morogoro, kile cha kujipiga paja. Halafu nikasikia mama anauliza, "Hebu nieleze. Huo mpira wenu unachezwaje?"

Na binti akamweleza. Alipanga vikombe kwenye meza ya jikoni. Hiki ni mimi, hiki ni yaya, hawa ni batu ba timu ingine. Akavisogeza. Mama akauliza maswali. Nilisimama mlangoni na taulo mkononi nikaona kikombe changu kimewekwa pembeni kabisa, karibu na sinki, na ilikuwa bado wiki mbili kabla kocha hajaniita.

Baada ya hapo akawa mtoto wa nyumbani. Alikuja hata nisipokuwepo. Nilirudi siku moja kutoka maktaba nikamkuta amekaa sakafuni katikati ya magoti ya mama, mama anamsuka, wote wawili wanatazama filamu ya Kinigeria. Mimi mama aliacha kunisuka nilipofika darasa la nane, kwa sababu nilimwambia ananiumiza. Nikapita, nikasema hamjambo, nikaingia chumbani. Nililala kifudifudi nikiwa na umri wa miaka ishirini, nimenuna kama mtoto aliyekosa pipi.

Msimu ukaanza. Kumbe kocha alikuwa sahihi: pembeni nilipiga vizuri. Mpira ulikuwa unanifikia mikononi kama umetumwa kwa anwani. Pointi zangu zikapanda, wenzangu wakanipongeza, na kila pongezi ilikuwa na mkia. "Umewaka leo, Yaya! Yule mtoto anakulisha kweli." Anakulisha. Nilikuwa nalishwa. Mimi na yeye tulianza pia kuitana kwa Kiswahili uwanjani, kwa sababu wapinzani hawakielewi: nyuma, kulia, mwache, rudi. Wazo lilikuwa langu. Mwandishi wa gazeti la chuo akaja, akamhoji yeye, na habari ikatoka na picha yake: mchezaji mpya aleta lugha ya siri. Yeye mwenyewe alimwambia mwandishi kwamba ni wazo la Yaya. Mwandishi hakuliandika. Nilitamani angekuwa mwongo, nipate cha kumshika.

Kisha mama akaja kwenye mechi.

Sikujua anakuja. Nilikuwa napasha misuli, nikainua macho, nikamwona anashuka ngazi za jukwaa na koti lake refu la zambarau juu ya sare ya hoteli, amejifunga mtandio, anaangalia hatua kama anayeshuka kisimani. Nikamkimbilia.

"Mama! Kuna nini? Kumetokea nini?"

"Hakujatokea kitu. Nimekuja kuangalia mpira."

"Leo si uko kazini?"

"Nimebadilishana shifti." Akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Mwenzako ndiye aliyenialika."

Nikageuka. Binti wa Uvira alikuwa ananipungia mkono kutoka katikati ya uwanja, amefurahi. Baadaye mama aliniambia alivyoalikwa. Ilikuwa sentensi moja tu kwenye simu: "Mama, utakuya kutuangalia?" Miaka yote ile mimi nilimweleza mama ratiba, nikamwambia asijali, nikamwambia ni mbali. Kumuuliza utakuja, sikumuuliza. Nilidhani ninamhurumia.

Mechi ile niliicheza kwa masikio. Mama hakujua lini ushangilie wala lini unyamaze. Alipiga kelele hata mwamuzi alipokuwa anafuta jasho. Na kelele yake ilikuwa moja: "Mwanangu! Pasi, mwanangu! Haya, mwanangu!" Kila akiita, tuligeuka wote wawili. Kila mara. Mara moja tulikuwa tumesimama bega kwa bega tukisubiri mpira wa adhabu, mama akaita, tukageuza shingo kwa pamoja, na wapinzani wakacheka. Yeye alicheka pia. Mimi nilikuwa nataka kupanda jukwaani nimuulize mama: yupi?

Ugomvi wenyewe ulikuja Januari. Mama alipika pilau akaniamuru nimpelekee binti na mjomba wake, kwa kuwa alikuwa na mafua. Nilisafiri na lile bakuli tangu Virginia mpaka Wheaton, basi, treni, kubadilisha treni, limefungwa kwa kitambaa na linanukia mdalasini behewa zima, watu wananitazama. Alinipokea chini kituoni, amejifunga skafu hadi puani. Kituo cha Wheaton kiko chini sana ardhini, na ngazi zake za umeme ni ndefu kiasi kwamba ukiwa chini huoni mwisho. Ngazi zile zilitupa nafasi ya kugombana.

Alianza kwa kushukuru. "Mama iko na roho nzuri. Ashante sana, yaya."

"Mama ni mama yangu," nikasema.

"Ee?"

"Nasema ni mama yangu. Umechukua nafasi yangu kwenye timu, sawa, kocha kaamua. Jina umenipa wewe. Sasa na mama?"

Mbele yetu kulikuwa na mzee na mifuko ya sokoni, akageuka kutuangalia, hakuelewa lugha, akarudi mbele.

"Unajua mi nafikirigi nini?" akasema binti. Sauti ilikuwa imekauka kwa mafua. "Ile siku nakuya kwenu mara ya kwanza, uliingia, ukatupa begi chini, ukasema 'mama nina njaa,' hata haukumuangalia. Ukaingia chumbani. Mi nilibaki naangalia mulango yako. Nilikuonea wivu, yaya, mpaka chakula ilinikaba. Mama yangu namusikiaga kwa simu, na simu inakatika. Niko na miaka kumi na moja nilimuacha. Wewe uko naye kila siku na unamupita kama meza."

Ningependa kuandika kwamba nililia, tukakumbatiana. Sivyo. Nilichofikiri pale kwenye ngazi ni kwamba hata kwenye wivu anataka kunishinda. Mimi nimekuja na wivu wangu wa miezi minne, nimeubeba pamoja na pilau, na yeye ametoa wa kwake, mkubwa, wenye vita na ziwa ndani yake, na wangu ukawa wa kitoto. Nilimkabidhi bakuli tulipofika juu. Nikamwambia kitambaa kirudi. Nikageuka nikashuka zile ngazi zote tena.

Lakini jioni ile nilipoingia nyumbani mama alikuwa jikoni, na sikupita. Nilivuta kiti. Nikamuuliza hoteli iliendaje. Akanitazama kama mtu anayetaka kukuuliza unaumwa. Halafu akanieleza kuhusu mgeni mmoja aliyefuga kasuku chumbani siku tatu bila mtu kujua, na kasuku akajifunza kusema "housekeeping" kwa sauti ya mama. Nilicheka hadi nikashika meza. Sikujua mama yangu ana visa vya namna hiyo. Vilikuwepo siku zote.

Wivu haukuisha. Ulipungua makali tu, kama jino ambalo umezoea kutolitafunia. Tulicheza pamoja msimu ule na uliofuata, wa mwisho kwangu. Tulielewana uwanjani bila kuangaliana. Nje ya uwanja tulikuwa na adabu.

Msimu huo wa mwisho tulifika nusu fainali ya kanda yetu, jambo ambalo chuo kilikuwa hakijalizoea. Ukumbi wa wenyeji ulijaa. Katikati ya kipindi cha pili, tukiwa nyuma kidogo, mwamuzi akapuliza: binti wa Uvira amefanya faulo ya tano. Faulo ya tano unatoka, hurudi. Alisimama na mikono kichwani. Kisha kocha akanionyesha kidole, akakielekeza kwenye mpira.

Nilikuwa nimeisubiri saa ile kwa misimu miwili. Nimeiota. Katika ndoto zangu yeye alikuwa benchi, kimya, ananitazama. Lakini hakukaa kimya. Alisimama pembeni mwa mstari na taulo shingoni akaanza kuita, kwa Kiswahili, sauti imepasuka: "Yaya, kushoto! Ngoja! Ngoja! Sasa!" Na nikamsikiliza. Nilingoja aliposema ningoje, hata pale macho yangu yalipokuwa hayaoni kitu, na aliposema sasa, nikatoa, na mchezaji wetu mrefu alikuwa pale chini ya kikapu, peke yake. Tukafanya hivyo tena. Mara nyingine nilimpuuza nikafuata macho yangu, na hayo nayo yaliingia. Tukashinda. Wenzangu walinibeba. Yeye alinikumbatia kwa nguvu hadi meno yetu yakagongana, akawa anarudia, "Umeona? Umeona?" na mimi sikujua anauliza nimeona nini, lakini nilisema ndiyo.

Usiku ule nililala nikijua kwamba fainali kocha ataniweka mimi. Asubuhi akatangaza kikosi. Yeye pointi gadi, mimi pembeni. Kocha hakueleza, wala hakuhitaji. Fainali tukafungwa, vibaya, na yeye alicheza vizuri kuliko sisi wote. Mama alikuwa jukwaani. Alisema kwa maoni yake mwamuzi alikuwa na macho ya kioo.

Nikahitimu. Nikaanza kazi katika kliniki ya mazoezi ya viungo Alexandria, naelekeza watu waliopasuliwa magoti namna ya kupanda ngazi tena. Kazi naipenda. Yeye aliendelea, akawa jina kubwa pale chuoni. Picha yake wakaibandika ukumbini. Nyingine ikabandikwa sebuleni kwetu, kwenye fremu, kando ya yangu ya kuhitimu.

"Ameniletea mwenyewe," mama alisema. "Wewe ya mpira hujawahi kuniletea hata moja."

Nilipeleka. Mama akaiweka chini kidogo ya ile ya binti, kwa sababu msumari uliobaki ulikuwa pale.

Alipomaliza chuo akaenda Ufaransa, kwenye klabu ndogo ya mji ambao sikuweza kulitamka jina lake. Alimpigia mama kila Jumapili. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ileile, nikisikia mama anauliza huko kuna baridi, unakula nini, wanakupanga? Jumapili moja nilijikuta natafuta matokeo ya ile klabu kwenye kompyuta, nikaona wamefungwa, nikafurahi, kisha nikaona yeye ndiye aliyefunga nyingi, nikafurahi pia, na sikujua niziweke wapi furaha zote mbili. Msimu mmoja tu, klabu ikaishiwa, akarudi Wheaton. Akapata kazi shuleni, msaidizi wa darasa la watoto wadogo. Alikuwa na uraia tayari, na jambo lake kubwa lilikuwa kumleta mama yake; wadogo zake wangefuata baadaye.

Yule mama alifika mwaka 2009, kiangazi, mchana wa joto. Binti alituomba mimi na mama twende naye uwanja wa ndege. Mama alivaa kitenge kipya. Mjomba alikuja na gari dogo la abiria aliloazima kanisani, sisi tukaenda na letu. Tulisimama kwenye ule uzio ambapo watu wanatoka na mizigo yao, katikati ya maua na maputo ya wengine, na binti wa Uvira, aliyekuwa akiona mpira kabla haujafika, hakuweza kutazama mlango. Alikuwa ameshika mkono wangu na anatazama viatu vyake.

Akatoka mama mwenye umbo dogo, mfupi kuliko sisi wote, amevaa sweta nene la sufu kama aliyeambiwa Amerika ni barafu tupu. Anasukuma kitoroli. Akasimama. Alikuwa na picha ya mtoto wa miaka kumi na moja kichwani mwake, na mbele yake wamesimama wanawake wawili wa umri mmoja, wameshikana mikono. Macho yake yakaanza kwangu. Yakatulia. Uso wake ukaanza kufunguka.

Niliinua mkono haraka, nikamwonyesha: huyu hapa. Nikamsukuma mwenzangu mgongoni, si kwa upole.

Siwezi kuieleza sauti aliyoitoa yule mama. Walishuka chini wote wawili, kwenye vigae, na kitoroli kikaenda zake, mjomba akakikimbilia. Mimi nililia kama nimefiwa. Nilipogeuka kumtafuta mama nilimkuta amesogea nyuma, karibu na nguzo, ameshika mkoba kwa mikono miwili, anatabasamu tabasamu la picha ya pasipoti.

Kwenye gari letu, tukirudi, mama alisubiri tutoke kwenye maegesho. Halafu akaanza.

"Yule mama hata hakunisalimia vizuri."

"Mama, amesafiri siku mbili. Na alikuwa analia."

"Kunishika mkono tu. Miaka yote hii nani kamsuka mtoto wake? Nani kamlisha?" Akarekebisha mtandio. "Na binti naye. 'Mama, huyu ni mama wa yaya.' Mama wa yaya! Mimi?"

Nilimtazama pembeni. Nilikijua kile kidevu. Nilikijua jinsi kinavyokaa, nimekibeba mwenyewe kwenye mabasi mengi.

"Una wivu, mama."

"Wivu wa nini? Endesha gari."

Nikaendesha. Nilitaka kumwambia kwamba inauma, kisha haiumi sana, kisha siku nyingine inauma tena bila sababu. Badala yake nilimuuliza kama yule kasuku wa hotelini alirudi tena, akasema usinipumbaze na kasuku, lakini alikuwa ameanza kutabasamu.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta anatwanga kisamvu tangu asubuhi, kingi mno kwa watu wawili. Nilimuuliza nani anakuja. Akasema hakuna anayekuja. Mchana simu ikalia, nikapokea mimi. Alikuwa binti wa Uvira.

"Yaya, mama yangu anataka kuona mama. Tangu juzi anauliza: ule mama mwenye kitenge, mbona alikimbia?"

Nikaziba simu kwa kiganja nikamweleza mama.

"Mwambie nina kazi," akasema. Akatwanga mara mbili tatu. "Mwambie waje saa tisa."

Walikuja kabla ya saa tisa. Mama wa Uvira alivua viatu mlangoni, akaingia moja kwa moja jikoni, akachungulia ndani ya sufuria, akauliza kwa nini tunaweka nazi kwenye sombe. Mama yangu akasema hiyo si sombe, ni kisamvu. Mlango wa jikoni ukafungwa. Mimi na binti tukabaki sebuleni, kila mmoja kwenye upande wake wa kochi, hatukuwa na wa kutuita wala wa kumsaidia. Sauti za ndani zikapanda, zikashuka, zikapanda.

"Banagombana?" akaniuliza.

Nikasikiliza. "Wanatusema," nikamwambia, na tukasogea wote wawili karibu na mlango ili tusikie vizuri.